Wakili Mwenye Kigugumizi na Waitikiaji Wake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nacheka peke yangu, mpaka mke wangu huuliza kama uzee umeanza kunishika vibaya. Ilikuwa mwezi wa joto, kabla ya mvua za kwanza, hapa hapa Lubumbashi. Nilikuwa nimesimama mbele ya waamuzi watatu wa kitivo cha sheria, mdomo wazi, na neno halitoki. Lakini ngoja. Nikianzia hapo nitakuharibia utamu, na haraka haraka haina baraka.

Wewe unayenijua leo, ambaye wajukuu wangu wamekunong'oneza kwamba babu ni redio isiyozimwa, hutaamini kuwa nilikuwa na kigugumizi. Wala si kile cha kukwama kidogo kikapita. Mimi nilianza neno "mahakama" watu wakasonga bukari, ugali wetu wa hapa, wakala, wakanawa mikono, na mimi bado niko kwenye "ma". Basi mtu huyo ndiye aliyejichagulia kusoma sheria. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Zilikuwa enzi za Zaire, chama kimoja, shaba mali ya serikali, na king'ora cha mgodi ndicho kilichotuambia saa. Majina ya Kizungu yalikuwa marufuku, tai marufuku. Wanaume tulivaa abakosti, koti lililofungwa vifungo mpaka kooni, hata jua liwe kali namna gani, na tuliitana "sitwayen", yaani mwananchi. Asubuhi hadi jioni redio ilituhimiza turudi kwenye njia za mababu. Sisi vijana tulichoka kuisikia hiyo habari ya mababu. Hatukujua kwamba siku moja itatufaa.

Kwetu ni Kilwa, si ile ya pwani, ni ya huku kwenye ziwa Mweru. Mjini nilikaa mtaa wa Ruashi kwa mjomba wangu Chola, mfanyakazi wa tanuru la kuyeyusha shaba. Kwenye mitihani ya kuandika, jamani, sitaki kujisifu, lakini nani atanisifu nisipojisifu mwenyewe? Nilikuwa mbele. Kwenye mitihani ya mdomo walimu wengine waliniruhusu niandike majibu ubaoni, nikasukuma hivyo hivyo hadi mwaka wa mwisho. Hapo nikakutana na ukuta. Kila mwanafunzi alipaswa kutetea kesi ya mazoezi katika somo la sheria za mila, ukumbini, mbele ya watu, kwa kusema. Ubao haukuwepo.

Mwezi wa sita nilisimama mara ya kwanza. Nikakwama kwenye neno la kwanza kabisa. Nyuma kule wakacheka. Profesa wa somo hilo hakucheka, alifanya vibaya zaidi, alinihurumia. "Sitwayen Mwansa," akasema, "sheria ni kazi ya ulimi. Ziko ofisi nyingi zinazotafuta mtu wa kuandika." Akanipa nafasi ya pili, baada ya likizo, na ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikianguka, hakuna shahada, na miaka yote ile imekwenda na maji.

Nikarudi Ruashi nimeshaamua. Nilimkuta mjomba ametoka kazini, buti bado mguuni, anakula. Nikamweleza, kwa tabu unayoijua, kwamba naacha masomo, anitafutie kazi ya karani huko kwao mgodini. Akaliweka tonge chini.

"Benzako bale banasema nini?"

"Sijawaambia, mjomba. Wananicheka."

"Bote banacheka? Ao beko babili, batatu tu?"

Kumbe sikuwahi kuwahesabu.

"Sikia, mutoto. Mficha uchi hazai. Mwanamke akimuonea mkunga haya, mutoto atatokea wapi? Weye unaficha shida yako miaka yote, halafu unakasirika bantu habakusaidii! Kesho uende kwa benzako, useme: niko na shida hii. Bakikukatala bote, njo urudie hapa tuzungumuze kazi."

Halafu akaendelea kula. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mjomba wangu, anakukaripia na bukari inapoa. Nililala na hasira. Lakini mkubwa akisema unakwenda, basi nikaenda.

Wakati ule, mwanangu, hata kusoma kulikuwa kwa makundi. Waliotoka upande mmoja walikaa pamoja, waliotoka upande mwingine walikaa kwao, na kati ya watu wa Katanga, wenyeji wa hapa, na Wakasai, waliotoka mkoa jirani, maneno yalikuwa mengi, mengine yasiyofaa kurudiwa na mtu mzima. Kundi lililosifika kuliko yote lilikuwa la Mujinga, kwao hilo ni jina, si tusi, msichana mwenye wazazi wa Kasai, mzaliwa wa mtaa wa Kamalondo, binti wa mfanyabiashara wa vitenge. Alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji. Kwa miaka yote nilipita mbele yake nikitazama viatu vyangu. Nikaenda kwake. Nikaanza kueleza. Jasho likanitoka, wakanisubiri, nikamaliza.

Mujinga akapiga makofi. "Mama wee! Kumbe ni ulimi? Siye tulisema huyu Mwansa hapendi Bakasai! Unapita kila siku, hata jambo hausemi!"

Hebu fikiri! Mimi nilidhani wananidharau, wao walidhani nawadharau, na wote tulikuwa tunaumia bure. Nilitaka ardhi inimeze, halafu nikaanza kucheka, wakacheka nao, na kicheko hicho hakikuniuma hata kidogo.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa uani kwao Kamalondo. Tulikuwa wengi, lakini mmoja nikutajie: Ilunga, Mluba wa kaskazini, mgeni humo kama mimi, mpenda utani, mtu asiyeweza kusikiliza kimya. Ukimweleza habari yoyote, kila ukipumua yeye anatia "njo vile!", ndivyo kabisa, kama vile analipwa. Jumapili moja walinipa zamu nieleze kesi yangu. Nikasema sentensi moja kwa kuchechemea. Ilunga: "Njo vile!" Nikasema ya pili, Ilunga: "Njo vile!" Ya tatu ikateremka yenyewe, ya nne, ya tano, mpaka Mujinga akatuinulia mkono.

"Ngojeni. Mumesikia? Hajakwama."

Kweli sikuwa nimekwama. Wakanitazama, mimi nikawatazama. Ndipo nikawaambia kitu ambacho hakikuwahi kunijia akilini tangu niingie mjini: kule Kilwa, kwenye baraza la babu yangu, hakuna mtu aliyetetea shauri lake peke yake. Ukisimama kusema, lazima awepo mwitikiaji. Wewe unatoa neno, yeye analipokea, ndipo unatoa lingine. Ukisema pasipo wa kuitika, wazee wanahesabu hujasema.

Mujinga akanisogelea. "Na somo letu linaitwaje?"

"Sheria za mila," akajibu Ilunga.

"Basi!" akasema Mujinga, na macho yake yaliniogopesha.

Likizo nzima tulifanya mazoezi. Mama yake Mujinga akawa anaitika kutoka jikoni huku anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mpaka kesi yenyewe akaijua: mume amekufa, ndugu zake wanataka kumtoa mjane ndani ya nyumba, na mimi namtetea mjane. Mama yule aliichukua kesi moyoni, akawatukana ndugu wa marehemu ambao hawakuwepo duniani.

Sasa turudi ukumbini. Umejaa. Mbele ameketi Profesa, pembeni mwalimu mwenzake, na katikati jaji mmoja mzee aliyealikwa kutoka mahakamani. Juu yao ukutani, ile picha ya mkubwa wa nchi, ambayo haikukosa ukuta wowote. Mpinzani wangu alikuwa Kasongo, mtoto wa mjini, Kifaransa kimenyooka, ananukia marashi. Akawatetea ndugu wa marehemu vizuri mno. Nikasimama mimi. Neno la kwanza likagoma. Nikalivuta, likagoma. Profesa akashusha macho kwenye karatasi, na niliona kabisa kwamba ameshanizika.

"Profesa, naomba neno!" Mujinga huyo, amesimama. "Sitwayen Mwansa anaomba aitikiwe."

"Kanuni zinasema kila mmoja anatetea peke yake."

"Kanuni hizo zilitoka wapi, Profesa? Tunahukumu kwa mila, na kwa mila mtu haachwi peke yake barazani. Asiyeitikiwa hajasema. Kila siku tunaambiwa turudi kwa mababu. Sasa turudi kila mahali isipokuwa humu?"

Weee! Watu wakainua macho polepole kwenye picha ukutani, wakayashusha. Profesa naye akatazama. Jaji mzee akakohoa.

"Mimi," akasema, "sitapenda isemwe kwamba niliwafukuza mababu mchana kweupe."

Wakacheka, lakini Profesa hakuwa mjinga. Akasema, "Sawa. Lakini barazani anaitika yeyote aliyeketi, si rafiki aliyefundishwa nyumbani. Sitwayen Mujinga na kundi lako, nyamazeni. Akipatikana mwingine wa kumwitikia, aendelee. Akikosekana, aketi."

Mwanangu, hebu hesabu. Waliobaki ni nani? Ni walewale wa mwezi wa sita. Ni wale ambao sikuwahi kuwasalimu, miaka mitano. Nikageuka, nikawatazama, na safari hii sikutazama viatu. Nikainua mikono yangu hivi, kama waombaji wa kwetu barazani. Kimya. Feni inazunguka.

Halafu kule nyuma kabisa, mahali kilipoanzia kicheko cha mwezi wa sita, mtu mmoja akasimama. Sikujua hata jina lake. Akasema, "Sema, ndugu yetu. Tunakusikia."

Nikasema. Kwa Kifaransa nikasema, "Mume amekufa, hakufa na nyumba." Wakaitika kwa Kiswahili, benchi mbili tatu za nyuma: "Njo vile!" Nikasema, "Mila inamvua mjane nguo za msiba. Haimvui paa." "Njo vile!" Sasa ilikuwa nusu ya ukumbi. "Ndugu waliokula matanga ndani ya nyumba hiyo, wamfukuze aliyewapikia?" Eee, mwanangu, ukumbi mzima ukanguruma! Nilikuwa ninateremka kama gari lililokatika breki, na furaha inanisukuma mgongoni. Nikamgeukia mpinzani wangu na kumwuliza: "Na kaka wa marehemu, naye si ana mama aliyewahi kufiwa na mume?" Na Kasongo, mtoto wa marashi, akajisahau akaitika kwa sauti kubwa kuliko wote: "Njo vile!" Watu wakaanguka juu ya meza kwa kucheka. Jaji mzee alifuta machozi kwa mkono wa abakosti yake.

Mjane alibaki na nyumba. Na mimi nilitangazwa nimefaulu, tena kwa heshima, kwa sauti ya Profesa mwenyewe. Mujinga alikula kiapo kwamba kwenye sentensi yangu ya mwisho midomo ya Profesa ilitikisika ikasema njo vile. Profesa alikanusha hadi alipostaafu.

Nje, kwetu unajua, aliyeshinda humwagiwa poda nyeupe. Mama yake Mujinga alikuja na mkebe mzima. Mjomba Chola alikuwepo na buti zake, ameomba ruhusa kazini, analia waziwazi bila kujifuta. Walinimwagia mpaka kope. Wakanibeba juu, Wakasai na watu wa ziwa na wa kaskazini, wanaimba wimbo ambao hakuna aliyeujua vizuri. Mwaka uliofuata kundi la Mujinga, lililobaki na jina lake baada ya sisi kumaliza, halikuwa tena la upande mmoja. Alikuja aliyesumbuliwa na Kifaransa, akaja dada mwenye mtoto mgongoni, na mtoto akapokewa na aliyekuwa amemaliza zamu yake. Nikawa wakili, nikatetea mahakamani miaka mingi. Kigugumizi hakikuondoka. Kila kesi nilitafuta kwanza uso mmoja wa kuniitikia, hata kwa kichwa tu, ndipo nikafungua kinywa.

Basi sikia, wewe unayeingia shule ya sheria leo, ao shule yoyote. Shida yako iseme mapema, kwa watu, kwa jina lake. Usimhukumu mwenzako kwa ukimya wake, maana hujui ulimi wake umebeba nini. Usikae na wa kwenu tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na ukimwona mtu amesimama mbele ya watu, mdomo wazi, neno limegoma, usiangalie upande mwingine, usingoje aanze mwingine. Wewe uliye nyuma kabisa, uliyecheka hata jana, simama. Mwambie aseme, unamsikia. Huyo aliyesimama siku ile alinipa maisha yangu yote kwa maneno manne.

Mungu akupe akili, mwanangu, akupe na wenzako. Mababu wa ziwa na wa migodini wakushike mkono. Na siku neno litakapokukwama kooni, usikose wa kukuitikia.