Mtoto wa Saba wa Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wa hesabu alikuwa na wapenzi wawili, mkewe na namba 142857, na mkewe alijua tangu uchumba kwamba yeye ni wa pili. Walipokutana mara ya kwanza, mwalimu alichomoa kalamu akamwonyesha: ukiizidisha kwa mbili unapata 285714, kwa tatu 428571, na hivyo hivyo mpaka sita. Tarakimu ni zile zile, zinafuatana vile vile, zimesogea viti tu. Hatoki mtu wala haingii mtu. Binti wa watu, fundi cherehani mwenye akili zake timamu, alicheka akidhani ni ujana, utampita.

Haukumpita. Watoto walipokuja, kila mmoja alipachikwa tarakimu kabla hajafumbua macho vizuri: Moja, Nne, Mbili, Nane, Tano, Saba. Majirani wakisikia Nane anaitwa aje kumwogesha Tano, walijishika mbavu. Zamu za kuosha vyombo na kufagia zilizunguka kama namba yenyewe. Alipozaliwa Saba, baba mtu alitangaza kwamba familia imetimia, utadhani mimba alizibeba yeye.

Mkewe akashika mimba nyingine. Mwalimu akanywea wiki nzima, kisha akaeleza kinachomkosesha raha: ile namba ukiizidisha kwa saba unapata 999999. Wote sita wanafutika, zinabaki tisa tupu. Mkewe akamwambia anyanyue miguu apate kufagia.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye mapafu ya kuamsha wodi nzima. Mwalimu akaja na chupa ya chai, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza habari za daktari na za mashuka, halafu akalitoa lililomleta. Shemeji yake, dada wa mama mtoto, hajajaliwa kupata mtoto. Kwa nini wasimpe huyu amlee? Si kumtupa, anabaki kwa ndugu. Shemeji mwenyewe alikuwa hajaulizwa, lakini mwalimu alishapanga mpaka siku ya kumpeleka.

Mama mtu hakupandisha sauti. Akamkumbatia mtoto zaidi.

"Baba Moja," akasema, "kwenye hiyo namba yako, mimi nimekaa wapi?"

 Mwalimu akazipitia tarakimu kichwani, akakuta kila kiti kina mtu. Akarudia, maana si mtu wa kujibu bila kuhakiki. Yeye mwenyewe alishajipa nafasi zamani: ndiye anayezidisha. Lakini huyu aliyelala mbele yake, aliyewazaa wote sita, hakumwona mahali. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Hujakaa popote," akasema.

"Basi na huyu atakaa hapo hapo nilipo mimi."

Akamhamishia mtoto titi la pili, akamwambia mumewe amimine chai.