Mburu Ndani ya Skrini Nyeusi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Molo, mwanangu, nikiwa kijana ambaye shule ilikuwa imemshinda lakini punda alikuwa bado anamtii. Mama alinituma kwa mara ya kwanza nipeleke magunia yetu ya viazi kwenye bohari, yapakiwe kwenye lori la Nakuru. Lori likiniacha, alisema, mkokoteni atapewa ndugu yangu.

Langoni alikaa mkaguzi, Mburu. Namtaja kwa sababu yuko hai na hajaniomba msamaha. Aligonga magunia kwa fimbo, akatazama kando.

"Hapana. Rudi."

"Boss, kuna shida gani?"

"Nimesema hapana."

Nikavuta mkokoteni kando ya barabara, nikamwaga gunia moja, nikachagua upya, nikashona. Hapana. Nikadhani ni uzi, nikabadilisha uzi. Hapana. Nikadhani ni unyevu, nikaanika viazi kwenye jua la Molo, ambalo ni jua la jina tu. Wanasema penye nia pana njia. Nia nilikuwa nayo, njia ndiyo aliyokuwa ameikalia Mburu. Dereva alikuwa ameshaanza kufunga turubai, nami nageuza punda twende nyumbani.

Mama Jerono, mzee aliyeshona magunia pale langoni, akaweka sindano chini.

"Mburu, huo mdomo ni wako ama umeukodisha? Mwambie kijana gunia la mwisho lina viazi vya kijani pale chini. Si hata mimi naviona kwenye tundu. Avitoe hivyo tu, ashone, arudi."

"Si angejua mwenyewe."

"Angejua, angekuuliza?"

Nikavitoa, vilijaa kofia yangu tu. Magunia yangu yakapakiwa ya mwisho, na mkokoteni ukabaki wangu.

Sasa, juzi nilikuwa Lanet kwa mpwa wangu Wanjiru. Yeye huunda programu ambazo waundaji wenzake huzitumia kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Simu ikalia. Ni Otieno wa kazini kwao: programu ya Wanjiru imemkataa tangu asubuhi, sasa anataka kufuta kazi yake yote aanze upya. Wanjiru akamwambia angoje, akajaribu amri ile ile kwenye faili za Otieno. Skrini ikajibu: "Imeshindikana." Basi.

Nikacheka mpaka chai ikamwagika. "Wanjiru, huyu Mburu umemwajiri lini?"

"Anko, si wangejua wenyewe?"

Ndipo nikamsimulia haya. Akainamia kompyuta kwa muda. Alipojaribu tena, skrini ikasema: "Faili ya mipangilio, mstari wa tisa: jina la folda halipo. Liongeze, kisha ujaribu tena." Akamsomea Otieno. Kikombe changu cha pili hakijapoa, Otieno akapiga kusema imekubali, na kazi yake yote iko.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kujua na kubana mdomo. Nawe unayejifunza kazi hiyo ya Wanjiru, programu yako ikikataa, iseme imekataa nini, wapi, na mtu afanye nini sasa. Isimtukane, wala isimmwagie maneno gunia zima atafute moja. Huyo aliye mbele ya skrini ana lori linalomngoja, hata kama wewe hulioni.

Mungu akupe Mama Jerono kwenye kila lango utakalofika. Na siku lango likiwa lako, asitokee mtu wa kuandika jina lako nilivyoandika la Mburu.