Nilimtaja kwa Kipaza Sauti

(Jina na anwani ya mama huyu tunavyo. Ameomba tuvifiche. – Mhariri wa ukurasa)

Mhariri, na ninyi wasomaji wote wa ukurasa huu, salamu nyingi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, wa hapa Kariakoo. Kusoma nimejulia ukubwani, darasa la watu wazima, basi mwandiko wangu mnivumilie. Nyumbani hatujambo. Baba watoto hajambo, ila kifua kinamsumbua. Mama mkwe wangu hajambo, anawasalimu. Binti yangu mkubwa na mumewe wako Ilala, hawajambo. Pacha wangu wako shuleni, nao wazima. Mjukuu wangu ameota meno mawili. Zamani ningewatajia kila mmoja kwa jina lake, ndivyo nilivyolelewa, niliona barua haina utu bila majina. Sasa jina la mtu naogopa kulitaja, na hicho ndicho kisa changu.

Kata yetu ina kikosi cha uokoaji cha kujitolea. Wapo wabeba machela, wapo wa ndoo na mchanga, na yupo msemaji mmoja wa kuwapa watu habari. Msemaji nilichaguliwa mimi, kwa sababu nauza vitumbua na mtaa mzima unaijua sauti yangu. Tulifunzwa wiki tatu. Mwalimu alipoona kalamu inanipa shida, akanifundisha kwa vidole. Kidole cha kwanza, kimetokea nini. Cha pili, kikosi kinafanya nini. Cha tatu, watu wakae wapi. Viwili vilivyobaki akavikunja kwa mkono wake.

"Hivi ni nani na kwa nini. Hivi si vyako, mama, ni vya polisi na wakaguzi. Umati ukikubana vikunje, hata wakikutukana."

Nikamjibu nimeelewa, na kweli nilielewa.

Siku hiyo, baada ya adhuhuri, nyumba ya vyumba sita mtaa wa nyuma yetu ilishika moto. Tulipofika mabati yalikuwa yanalia. Wabeba machela wakatoka na mtoto wa miaka miwili, wamemfunika kanga ya mama yake. Hakuwa hai, na watu waliona. Mama yake alijiuma mikono mpaka ikatoka damu. Umati ukanizunguka, wananivuta gauni, huyu anamuulizia shangazi yake, yule kaka yake. Huruma ikanishinda. Nikapanda juu ya pipa na kipaza sauti changu, nikaanza kuwataja wapangaji chumba kwa chumba, kama vile naandika barua. Chumba cha kwanza mama fulani na wanawe, wazima. Cha pili mzee fulani, mzima. Cha tatu ndiko alikotoka yule mtoto, nikakiruka. Nikafika cha nne. Nikamtaja kijana mmoja fundi cherehani, nikasema, "Kwake ndiko moto ulikoanzia, lakini naye ni mzima, tumshukuru Mungu."

Nilikuwa nimeona moshi dirishani kwake. Basi. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka kwangu, cherehani begani, pasi yake ya mkaa mkononi, makaa bado mekundu. Mtu mmoja akasema, taratibu kabisa, "Mtazameni alichoshika."

Wakamwangukia. Cherehani ilidondoka ikamvunja mguu. Walimpiga kwa mawe, kwa mchi, kwa boriti zilizokuwa bado zinaungua. Mwanamke anayenunua vitumbua vyangu kila asubuhi alivua kiatu akampiga nacho mdomoni hadi meno yakatoka. Nikapiga kelele kwenye kipaza sauti wamwache, nikimwita jina lake tena na tena, na kila nikilitaja waliokuwa mbali wanasogea nao wapate kumpiga. Halafu mmoja akaiokota ile pasi, akaifungua, akammwagia makaa usoni, kisha akaibamiza juu yake. Niliisikia ngozi. Mpaka leo nikiweka mafuta jikoni yakianza kulia, natoka nje.

Wakaguzi walikuta moto ulianzia kwenye waya wa umeme, darini, juu ya ukumbi. Chumba chake kilishika baadaye kama vingine. Aliyemmwagia makaa amekamatwa. Mkuu wa kikosi ameandika kwamba umati ulipandwa na hasira, akaniambia imetosha, nisijitie matatani.

Kijana yupo hai, macho hana. Kwao ni kusini, hapa mjini hana ndugu, basi mimi ndiye ninayempelekea uji hospitali. Siku ya kwanza nilikwenda nimeazimia kumwambia. Nikamsalimu tu, akageuza uso wenye bandeji.

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa unaniita."

Nikasema ndiye mimi.

"Nilikuwa nakufa, nikasikia mtu mmoja katika watu wote wale analijua jina langu. Nikasema basi, sifi kama mbwa."

Nikamnywesha uji. Sikusema. Tangu siku hiyo ananiita mama.

Alhamisi ya wiki ijayo anatoka. Ameomba akae kwetu, na mama mkwe wangu, asiyejua kitu, ameshamtandikia kitanda. Binti yangu anasema nikimwambia nitamuua mara ya pili, ninyamaze nimlee. Baba watoto anasema hawezi kula sahani moja na mtu tunayemdanganya. Wote wawili nawaona wana haki.

Jana nilipokuwa naondoka alinituma salamu nyumbani. Akawataja wote kwa majina, baba watoto, mama mkwe, pacha, hata mjukuu, akauliza meno yamefika mangapi. Hakumsahau hata mmoja.

Nishaurini, ndugu zangu, nimwambie au nilifukie? Jibu lenu mlitoe upesi, kabla ya hiyo Alhamisi. Gazeti nitalisoma mwenyewe, sitamwomba mtu anisomee.