Siku Nilipotia Magadi Kwenye Sinigang

Nichekeni mapema tuyamalize, maana mpaka leo nikiona bamia sokoni masikio huniwaka moto.

Nilikuwa naishi Muaither, pembezoni mwa Doha, nyumba moja tumepanga wanaume sita, baada ya kuzunguka Mombasa, Maskati na kwingine ambako sitaji (mimi ni mtu wa kuchoka na mahali). Doha ilinishika kwa sababu ya Lorna, fundi cherehani Mfilipino. Nilitaka kumuoa na yeye alitaka, ila neno la mwisho lilikuwa la dada yake, Ate Belen (Ate kwao ndiyo dada mkubwa, na ole wako umwite jina tupu). Huyu alikuwa mpishi wa familia moja kule Al Thumama, na sharti lake lilikuwa moja tu: "Anipikie sinigang. Nitamjua hapo."

Sinigang ni supu yao ya ukwaju, chachu hasa, ndani mna samaki, figili, nyanya na bamia. Mtu wa Singida nishindwe na supu? Ijumaa ikafika, watu wamerudi msikitini, uani kumejaa Waswahili wenzetu waliokuja kutembea, na Ate Belen kaketi katikati yao, mkoba mapajani, kama hakimu. Mimi jikoni nikaonja supu: chachu mpaka jicho limefumba lenyewe. Ningeepua pale pale, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini bamia zilikuwa ngumu. Na kwetu bamia ngumu dawa yake ni magadi, mama hakupika mlenda bila magadi, na mimi nilikuwa na kopo langu nililohama nalo nchi tatu (wengine hubeba picha). Nikatia kijiko kimoja. Halafu, kwa kuwa sufuria ilikuwa kubwa, nikaongeza kingine.

Jamani! Supu ikanguruma, ikapanda povu la kijani kilichochoka, nikaifunika, kifuniko kikanyanyuka, nikakikandamiza, povu likatokea pembeni, likazima jiko, likanishukia kwenye suruali, basi nikaikumbatia sufuria kwa taulo nikakimbilia nayo uani, na uani ndiko walikokuwa watu wote.

Zuberi, dereva wa Kizanzibari tuliyekaa naye chumba kimoja, akasimama. "Bwana we, wapika ama wafua?"

Watu hoi. Ningecheka nao yangeishia hapo, lakini nikamwangalia Ate Belen usoni, nikaogopa, nikasema, "Kwetu ndivyo inavyopikwa. Povu ni dalili kwamba imekubali."

"Vizuri," akasema. "Nipakulie."

Akanywa kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni. Uchachu wote ulikuwa umekwenda na povu, imebaki ladha ya samaki na sabuni.

"Ukwaju uko wapi?"

"Umo, Ate."

"Wapi?"

"Unakuja nyuma nyuma."

Lorna akajifunika uso kwa viganja.

Basi nikakiri yote, na kopo nikaleta. Ate Belen akalinusa, akaguna, akaniamuru nikae chini: supu inaokoleka, ziletwe ndimu. Akakunja mikono ya gauni, akakamua ndimu tele kwa mkupuo, na povu likapanda upya, safari hii kwa hasira, likammeza mikono, likaifunika saa yake ya dhahabu, likamrukia kifuani.

"Ate," Zuberi akasema kwa upole, "imekubali."

Yule mama akapasuka kicheko, akacheka mpaka akashika ukuta, machozi na povu vinamtiririka pamoja. Alipopata pumzi akamwambia Lorna maneno kwa lugha yao, Lorna akainama.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema mwanamume asiyejua kudanganya namna hii hatanisumbua. Nikuchukue."

Tuliwatoa wale samaki tukawasuuza kwa maji, tukawala kwa wali na pilipili, na hakuna aliyeacha hata mwiba.

Siku hizi sinigang anapika Lorna, mimi huruhusiwa kumenya figili tu, tena mlango wa jikoni ukiwa wazi. Na nimejiapiza: chakula cha watu nitakipika kama wenyewe wanavyokipika, na nikikiharibu nitasema upesi, kabla sijaambiwa nipakue.