Besi Haimo

Bendi yetu ya Nachingwea ilichanganya magitaa na ngoma za unyago. Wenzangu wote nimeshawazika.

Juzi, stendi ya Ruangwa, mama muuza chai alikuwa amefungulia wimbo wetu kwenye simu. Alisema bendi iliupiga kijijini Kiegei siku alipotolewa unyagoni. Anamkumbuka mwimbaji, na mpiga ngoma pia, alivyozipasha ngoma kwa moto wa majani makavu ili zilie vizuri.

"Besi nilipiga mimi," nikamwambia.

Akaiweka simu sikioni, akasikiliza hadi mwisho. Kispika kile cha ovyo, kisichoweza sauti nzito za besi, kiliwatoa marehemu wote waziwazi. Mimi niliye hai kikanimeza.

"Pole babu," akasema, akiniongezea chai. "Labda ulipiga bendi nyingine."