Majani ya Mpera

Mokami wa Kisaka alikuwa na ujuzi mmoja tu, na ujuzi huohuo ndio uliomponza. Alisaga karanga za kukaanga, akazifunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, na ndani akatandika kwanza majani mabichi ya mpera, kama bibi yake alivyomfundisha. Karanga za wengine zilichacha siku ya nne. Zake zilimaliza wiki mbili na bado zilinukia vizuri. Kwa karanga hizo alimsomesha binti yake Tabitha sekondari Mugumu.

Dhahabu ilipoonekana upande wa Tarime, wanaume walikimbilia huko kama wamerukwa na akili, mumewe Werema akiwamo. Mokami naye akapeleka vifurushi vyake, na wachimbaji wakavigombania.

Mara shimo la Machage, alikochimba Werema, likakauka. Mwezi mzima mawe matupu! Na wanaume wazima wale, badala ya kuulaumu mwamba, wakatafuta mtu. Machage akafungua kifurushi mbele ya wote.

"Mama Tabitha, haya majani ya nini?"

"Ya mpera, baba. Yanazuia karanga zisichache."

"Karanga gani hizo za kukaa wiki mbili? Wewe mama unaturoga!"

Mokami akamtazama mumewe. Werema, aliyekula karanga hizo miaka kumi na saba bila hata kuumwa tumbo, akainamisha kichwa. Kesho yake alikwenda nyumbani na shoka akauangusha mpera.

"Unataka waniue kwa ajili yako?" alisema.

Mokami alilia kwa hasira, lakini Tabitha alikuwa amebakiza mwaka mmoja shuleni. Akanunua mifuko ya nailoni. Kwa joto la machimboni, siku ya tano karanga zikawa chungu, zinanuka mafuta mabovu. Wachimbaji wakamtupia miguuni. "Mwanamke mchafu!" Yaani watu walewale! Akifunga kwa majani ni mchawi, akifunga kwa nailoni ni mchafu. Sasa walitaka afanye nini, jamani?

Na wiki hiyohiyo, shimo likatoa dhahabu. Werema alirudi nyumbani anacheka peke yake.

"Si unaona sasa? Tulikuambia!"

Habari ilifika Mugumu kabla ya likizo. Tabitha alipokuja alisimama mlangoni na begi lake, hakuingia, wala shikamoo hakutoa.

"Mama," alisema, "mimi nami ulinilisha hayo majani?"