Siku Pesa Mbili Zilipolingana

Kila asubuhi, kabla duka la kubadilishia fedha halijafunguliwa, Mama Namba alipanda ngazi ya mbao iliyoyumba na kutundika bei ya siku. Ubao ulikuwa juu ya mlango, umeelekea darajani, ili watu wa ng'ambo wausome kabla hawajamaliza kuvuka. Namba zenyewe zilikuwa vibao vyenye tundu, vilivyoning'inizwa kwenye misumari. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, na jina hilo likameza lile alilopewa na wazazi wake.

Alipoajiriwa, msumari ulikuwa mmoja tu: pesa moja ya ng'ambo ilinunua tisa za kwetu. Kisha pesa ya kwetu ikadhoofika kama mgonjwa asiye na mwuguzi. Ikafika kumi na mbili, bosi akagongomea msumari wa pili. Ikafika arobaini. Mwaka huo mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, akafunga begi.

"Huku nachomelea geti zima napata hela ya sabuni," alisema. "Kule nachomelea bawaba tu, nikivuka nayo daraja inazaa arobaini. Nivumilie, mke wangu. Siku pesa hizi mbili zikilingana, silali kule hata usiku mmoja."

Mama Namba alicheka ili asilie. Ilikuwa sawa na kuambiwa asubiri farasi aote pembe.

Lakini pesa nazo zina vituko vyake. Serikali ilifuta sifuri moja kwenye noti, bosi akang'oa msumari, arobaini ikawa nne. Mama Namba alijua huo ni ujanja wa makaratasi, maana hata mshahara wake ulikatwa sifuri. Hata hivyo alishuka ngazini moyo ukimdunda. Fundi alipopigiwa simu alicheka. "Hiyo haihesabiki, mama!"

Miaka ikaenda. Ng'ambo nako viwanda vikaanza kufungwa, pesa yao ikapungua polepole: tatu na nusu, mbili na kitu, moja na kitu. Duka halikuwa na kibao cha nukta, hivyo Mama Namba alichukua kizibo cha soda, akakipaka rangi nyeusi, akakitundika kwa msumari wake kati ya namba. Binti yao alikua, akaolewa, akahama. Fundi, aliyekuwa akija kila mwisho wa mwaka na mabegi mawili, akaanza kuja na moja, kisha akawa anatuma salamu tu. Mama Namba alichoka namna ambayo usingizi hauiondoi. Alipanda, akatundika, akasoma ubao kama mtu anavyosoma uso wa daktari, akashuka.

Asubuhi moja bosi aliweka simu ya benki chini, akapaza sauti kutoka ndani.

"Moja!"

"Moja na ngapi?"

"Moja na hakuna. Moja kwa moja. Toa hicho kizibo chako na msumari wake."

Mama Namba alisimama juu ya ngazi, kizibo mkononi. Chini yake, Kidole, mbadilishaji pesa wa barabarani aliyezoea kumshikia ngazi, alipiga mluzi.

"Leo shemeji anarudi! Mtaa mzima tunaijua ile ahadi. Ahadi ni deni, Mama Namba."

"Deni la pesa ya upande gani?" alimjibu.

"Leo upande wowote! Zote ni moja!" Kidole akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Wewe, utaniua kabla sijamwona!"

Hakumpigia mumewe. Alitaka apigiwe. Akanunua nyama, jambo ambalo hakuzoea kulifanya katikati ya wiki, akapika chakula cha watu wawili. Jioni simu ikalia.

"Nimeuona ubao. Jamaa amenitumia picha," Fundi alisema. "Kumbe kweli."

"Kweli."

"Sasa, mke wangu, tusikurupuke. Huenda kesho ikapanda tena. Nina chumba hapa, nina wateja wawili watatu. Tungoje itulie kidogo."

Mama Namba alizitazama sahani mbili mezani. Alitafuta hasira, akakuta imekwisha kama mafuta ya taa.

"Haya," alisema. "Ngoja itulie."

Akala peke yake. Tangu siku hiyo alitundika namba kama mtu anavyoanika nguo, bila kusoma.

Haikupanda. Ilikaa palepale siku chache, kisha ikateleza. Bosi alisema kutoka ndani: "Sifuri, nukta, tisa. Leta msumari mwingine." Kidole hakuwapo. Mama Namba alikuwa katikati ya ngazi, msumari mdomoni, nyundo mkononi, alipomwona mzee mwenye begi moja akishuka darajani huku akisoma ubao.

"Nimerudi," alisema Fundi. Nywele zilikuwa zimebaki pembeni tu.

Mama Namba alitoa msumari mdomoni.

"Shika ngazi. Inayumba."

Fundi akaweka begi chini, akashika kwa mikono yote miwili. Mama Namba alipanda, akagongomea, akatundika sifuri, akatundika kizibo, akatundika tisa. Alishuka taratibu, kila kipago akikipima.

"Umerudi kwa sababu yangu, au kwa sababu ya huo ubao?"

Fundi akautazama ubao. "Pesa ya kule haina maana tena," alisema. "Nisikudanganye."

"Angalau hujadanganya." Akajifuta mikono. "Siku ya moja nilikupikia. Leo sijapika. Kaa kwenye benchi hapo, natoka saa kumi na moja. Kesho ngazi hii utaipigilia vizuri."

Fundi akakaa, begi magotini kama mteja.

"Na kesho itakuwa ngapi?" aliuliza.

"Sijui," alisema Mama Namba akiingia ndani. "Siku hizi natundika tu."